Kebo Inayopita Upenuni

Mtaa wa Mchangamdogo,
Dar es Salaam.
Jumapili, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Gervas,

Nakusalimu kwa heshima ya marehemu mama yetu, aliyetulea tukijua kwamba salamu hutangulia hata penye ugomvi. Huku tu wazima. Mguu wangu umepungua uvimbe tangu nilipostaafu kusimama ubaoni. Mjomba Adelard ametoka hospitali Jumatano, na kitu cha kwanza alichodai, kabla ya uji, ni patasi zake. Anasema kuna kinyago alichokiacha bila masikio. Nimefurahi kusikia Lulu ameanza kidato cha kwanza. Mwambie shangazi yake anangoja barua yenye mwandiko unaosomeka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu tatu umezikata. Karatasi hutaweza kuikata kwa kidole.

Alhamisi iliyopita walikuja watu wawili wenye kofia ngumu, wakachomeka vigingi tisa vyekundu katikati ya Upenuni. Unapafahamu Upenuni: ni ule ukanda wa ardhi ya umma nyuma ya uzio wa shule niliyofundisha miaka ishirini na sita, mahali pasipouzwa kitu wala kuchezwa mpira. Nilipowauliza, wakaniambia kwamba utachimbwa mtaro wa kebo ya umeme, kebo binafsi, kutoka kwenye transfoma ya barabarani hadi kiwanda cha barafu cha Muntazir. Wakasema halmashauri imeidhinisha. Mmoja akaniongezea, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "Bibi, usihofu, hapa hapana kitu."

Wewe ulikuwa mkaguzi katika ofisi hiyo hiyo hadi walipokuhamishia Masasi Novemba. Nijibu swali moja: ni nani aliyetoka halmashauri kuja kulikagua eneo hili, na alizungumza na nani?

Msalimie Jesca. Barua hii usimsomee.

Dada yako,
Yuliana


Masasi,
3 Machi 2024

Dada Yuliana, shikamoo.

Barua yako iliyokuja na basi nimeipokea salama. Sisi hatujambo. Joto la huku ni kali kuliko tunavyolikumbuka la utotoni, na nyumba niliyopewa ina paa linalovuja mahali pamoja tu, juu ya kitanda. Lulu anasumbuliwa na hesabu. Jesca hajambo, ingawa anasema amepakumbuka Dar. Pole kwa Mjomba.

Kuhusu suala ulilouliza. Maombi ya kupitisha kebo binafsi chini ya ardhi ya umma hufuata utaratibu: mwombaji huwasilisha mchoro, mkaguzi hufika katika eneo na kujaza fomu, kisha kamati ya mipango miji hujadili. Ikiwa kibali kimetoka, maana yake hatua hizo zilikamilika. Jina la mkaguzi silikumbuki. Maombi yalikuwa mengi.

Niruhusu nikushauri kama ndugu. Ardhi ya umma si mali ya wakazi wa mtaa mmoja. Kiwanda kile kinawapa barafu wavuvi na wauza samaki kuanzia kwenu hadi Kunduchi. Kebo itafukiwa mita moja kwenda chini, udongo utarudishwa, nyasi zitaota, na baada ya miezi miwili hakuna atakayejua kwamba palichimbwa. Sioni kwa nini mwalimu mstaafu mwenye mguu unaouma ajiingize katika jambo la vigingi.

Kwa nini Jesca nisimsomee?

Ndugu yako,
Gervas


Mchangamdogo,
17 Machi 2024

Gervas,

Salamu zitakuwa fupi. Mjomba anaendelea vizuri. Majirani zetu Waislamu wamo katika mfungo, sisi tumo katika Kwaresima, kwa hiyo mtaa mzima una njaa na ukweli.

Nimeliona faili.

Tulikwenda wanawake kumi na mmoja kwa mtendaji wa mtaa. Unamkumbuka Alfonsi, niliyemfundisha kuandika jina lake. Hakusimama.

"Mama zangu," akasema, "kibali kipo, kimegongwa muhuri. Mnataka nini tena?"

"Tunataka kukiona," nikamjibu.

"Mwalimu, faili la halmashauri si gazeti."

Bibi Mwanabaraka, mkunga wetu, ambaye ana miaka themanini na moja na hamwogopi mtu mwenye meza, akavuta kiti akaketi mbele yake. "We Alfonsi, mie ndiye niliyekupokea ulipotoka tumboni, ukiwa bluu kama nili, kimya. Nikakuchapa makofi ya matako hadi ukalia. Sasa naona nilikuchapa kidogo mno. Lete faili."

Wanawake wakacheka hadi wapita njia wakasimama mlangoni. Faili likaletwa.

Ndani yake mna fomu ya ukaguzi. Imeandikwa: *Nimefika eneo husika. Eneo ni tupu, halina matumizi, halina masalia ya aina yoyote.* Chini pana saini yako, ile ile yenye mkia mrefu uliyoanza kuifanyia mazoezi ukiwa darasa la sita. Tarehe ni 14 Septemba 2023.

Gervas, tarehe 14 Septemba 2023 ilikuwa kumbukumbu ya mama. Ulichukua ruhusa kazini. Uliketi kando yangu kanisani asubuhi, na mchana kutwa ulikuwa uani kwako Mabibo, mikono imejaa damu, unachuna mbuzi wa wageni. Nilikushikia karai mimi mwenyewe. Hukufika Upenuni. Uliuchora mstari ule mezani kwako, juu ya picha ya setilaiti, ukaona rangi ya kahawia isiyo na nyumba, ukaandika "tupu".

Sasa nitakueleza jambo ambalo wanawake wa mtaa huu hawajawahi kuwaeleza wanaume. Mtoto aliyezaliwa bila pumzi, au aliyefariki kabla ya kutimiza siku arobaini, hakupelekwa makaburini. Wanawake walimfunga katika kanga, wakampeleka Upenuni, wakachimba kwa jembe la mkono, wakamlaza, wakasawazisha udongo. Hawakuweka msalaba, hawakuweka jiwe. Wawe wa Kikristo au wa Kiislamu, walilala pamoja. Baba aliambiwa "amepumzishwa", naye hakuuliza mahali. Ndivyo ilivyokuwa tangu kabla ya shule kujengwa, hadi miaka michache iliyopita. Tukapaita Upenuni kwa sababu mtu aliye upenuni hajaingia nyumbani, lakini mvua haimpati.

Ulisema hakuna atakayejua kwamba palichimbwa. Sisi ndio tunaojua palichimbwa.

Kila Ijumaa na kila Jumamosi tunapafagia kwa zamu. Ungefika, hata kwa dakika tano, ungeona ukanda wa ardhi usio na mwenyewe umefagiliwa kama ua wa harusi, na mkaguzi yeyote mwenye akili angeuliza ni nani anayefagia mahali patupu.

Muntazir amekuja Jumanne. Alivua viatu kabla ya kuvuka vigingi. Akasema, "Mwalimu, niliwauliza halmashauri kama pana kitu, wakanijibu hapana. Mashine yangu haitaingia hapa mpaka kamati ikae tena tarehe thelathini Mei. Zaidi ya hapo siwezi kungoja. Umeme ukikatika barafu yangu inakuwa maji." Mtu asiye na damu yetu ametupa miezi miwili na nusu. Ndugu yangu ametupa vigingi.

Ninachotaka kwako ni karatasi moja: uandike kwa mkono wako kwamba hukufika. Bila hiyo, kamati itaiamini fomu.

Yuliana


Masasi,
28 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Mvua za huku zimevunja kalvati mbili na ofisi nzima imekuwa barabarani. Lulu alipata malaria, amepona.

Siku uliyoitaja unajua nilikuwa wapi. Sina la kuongeza.

Lakini kwa kuwa umenihukumu, na mimi niruhusu niulize. Kwa miaka yote hiyo mlikuwa na midomo. Wewe uliongoza kamati ya shule. Uliketi katika mikutano ya mtaa, ukaona ramani ikibandikwa ukutani, imeandikwa "Eneo la wazi Na. 7", na hukunyanyua mkono. Ramani haiwezi kuonyesha kile ambacho wenye nacho wamekinyamazia. Mlificha kwa makusudi, mkajivunia kuficha, na leo mnamtafuta mtu wa kubeba lawama. Mngeandika hata barua moja kwenda halmashauri mwaka wowote ule, mstari ule usingechorwa.

Unajua unachoniomba? Nina miaka kumi na minane kazini na sita imebaki. Ofisi ile ilikuwa na wakaguzi wawili na gari moja lisilo na mafuta. Hakuna aliyefika kokote. Tulijaza fomu kwa sababu mkubwa wetu alizitaka zikiwa zimejaa. Nikiandika karatasi yako, yeye hataguswa, nitaguswa mimi. Unataka mtoto wa mama yako afukuzwe kazi kwa ajili ya watu waliokwisha kufa kabla hawajaishi?

Nisamehe kwa sentensi hiyo. Nimeiandika kwa kalamu na sina karatasi nyingine.

Na nijibu hili: je, pale kuna wa kwetu?

Gervas


Mchangamdogo,
6 Mei 2024

Gervas,

Tumelala na maji ndani kwa siku tatu, lakini tu hai. Mjomba Adelard amemaliza kinyago chake. Nasikia barabara ya kusini imekatika kwa mafuriko. Barua hii nimempa dereva aliyeapa kwamba ataivusha hata ikibidi aivushe kwa kichwa.

Sentensi yako sikuisamehe. Nimeikunja pamoja na barua na kuiweka katika sanduku la mama.

Swali lako la kwanza ni la haki. Liliulizwa pia Jumamosi katika mkutano wa mtaa. Nilisimama mbele ya watu mia mbili na zaidi, na kwa kuwa niliyaandika maneno yangu kabla, nakupa kama yalivyotoka:

"Ndugu wakazi, sikuja kuupinga umeme. Nimefundisha watoto kusoma kwa kibatari, najua thamani ya taa. Sikuja pia kumpinga mwenye kiwanda, aliyetuonyesha adabu kuliko waliolipwa mishahara ili watuonyeshe. Nimekuja kuuliza: neno 'umma' lina maana gani katika kibali hiki? Ardhi ni ya umma, kebo ni ya mtu mmoja, saini ni ya ofisi, na mifupa ni ya nani? Waliita mahali hapa tupu. Mimi nasema ofisi iliyoandika neno hilo ndiyo iliyokuwa tupu siku ile, kwa maana hapakuwa na macho yaliyotumwa kutazama. Wanatuambia njia ya barabarani ni ndefu zaidi kwa mita mia mbili na kumi. Basi na iwe ndefu! Sisi tumetembea njia ndefu zaidi ya hiyo, tukiwa tumebeba kisicholia, na hatukuomba njia ya mkato."

Mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Sasa kwa nini miaka yote mlinyamaza? Sie tungejuaje?"

Kabla sijafungua kinywa, Bibi Mwanabaraka akamgeukia. "Wewe wa kwako wawili wapo pale. Mkeo alirudi nyumbani mikono mitupu, kanga imelowa udongo. Ukamuuliza nini?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Nilimuuliza kama chakula kipo."

Hakuna aliyecheka. Yule mtu aliketi chini kwenye matope na mkewe akaenda akasimama karibu naye.

Kwa hiyo, ndiyo, tulinyamaza, na kosa hilo tumelibeba wenyewe. Jumapili tulilitua. Kila mama alikwenda Upenuni mchana kweupe, mbele ya waume na wana, akaweka ganda la kombe mahali pake. Waliofariki au kuhama, Bibi Mwanabaraka aliwawekea kwa niaba yao, akihesabu hatua kutoka kwenye nguzo ya uzio bila kukosea. Makombe ni arobaini na matatu. Yaliyo kwenye mstari wa vigingi vyako ni sita.

Sisi tumesema kwa sauti kile tulichokificha. Zamu yako.

Usiniambie habari za mkubwa wako na gari lisilo na mafuta. Gari likikosa mafuta, mtu huandika "sikufika". Maneno hayo hayahitaji mafuta.

Kuhusu swali lako la pili, sikujibu. Uliza tena baada ya tarehe thelathini.

Yuliana


Masasi,
21 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika tarehe kumi na nane, imelowa pembe zote. Nimeisoma mara nne.

Nilianza kukujibu kwa hoja. Nilikuwa na hoja tatu nzuri. Nikafika kwa yule mtu aliyeuliza kama chakula kipo, nikaweka kalamu chini.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi mbili. Moja ni yako. Nyingine ni ya kamati, na nakala yake nimeituma kwa mwajiri wangu wa sasa ili asije akaisikia kwa mtu mwingine. Imeandikwa hivi:

*Mimi, Gervas, niliyekuwa mkaguzi wa maeneo, natamka kwamba tarehe 14 Septemba 2023 sikufika katika Eneo la wazi Na. 7, wala siku nyingine yoyote kabla ya kujaza fomu. Sikuzungumza na mkazi hata mmoja. Maneno "eneo ni tupu" niliyaandika bila kuona. Kibali kilichotolewa kwa kuitegemea fomu yangu kimesimama juu ya uongo, na uongo huo ni wangu.*

Sikumtaja mkubwa wetu. Si kwa kumlinda. Nilijaribu kumwandika, kila mara sentensi ikawa inanisafisha mimi.

Sitauliza tena lile swali. Ila jana, nilipokwisha kuifunga karatasi ya kamati katika bahasha yake, nilimweleza Jesca kwamba nimeandika karatasi inayoweza kunipotezea kazi, kwa sababu ya kebo ya kiwanda cha barafu. Aliniuliza maneno mawili tu: "Inapita wapi?" Nikamtajia. Akaacha kupepeta mchele, akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba hadi Lulu akamfuata. Sijui amekasirikia nini. Bahasha ya kamati sikuifungua kubadili neno. Haya nimeyaongeza kwenye karatasi hii yako, ndipo nazitia zote mbili katika bahasha kubwa.

Gervas


Mchangamdogo,
9 Juni 2024

Mdogo wangu Gervas,

Nimerudi kukuita hivyo. Usidhani ni zaidi ya hapo. Bado nina hasira, na nadhani nitazeeka nazo.

Mjomba anakusalimu. Mvua zimekatika. Makombe matatu yalichukuliwa na maji, Bibi Mwanabaraka ameweka mengine mahali pale pale.

Kamati ilikaa tarehe thelathini. Mwenyekiti alitaka kwanza kuisoma ile fomu yako, na aliisoma kwa sauti, kwa raha, akimaliza kila sentensi kwa kututazama. Kisha nikaomba isomwe karatasi ya pili, yenye saini ile ile. Alipofika kwenye "uongo huo ni wangu" alivua miwani. Kibali kimefutwa. Kebo ya Muntazir itafuata ukingo wa barabara, nao mtaro umeanza kuchimbwa Jumatatu. Yeye mwenyewe alikuja kung'oa vigingi vyote tisa kwa mikono, akatuomba radhi, ingawa radhi haikuwa yake kuiomba. Eneo sasa limeandikwa katika ramani kwa jina lake, Upenuni. Nilihakikisha herufi zote zipo.

Najua umeitwa kujieleza mbele ya mwajiri. Sitakuambia pole. Nikiwa mwalimu niliwaadhibu watoto waliokiri makosa sawa na waliokana, ila waliokiri niliwatazama usoni.

Sasa swali lako.

Ningelijibu Mei, ungeiandika karatasi ile kwa ajili ya mwanao. Nilitaka uiandike kwa ajili ya watoto wa watu. Nilihesabu siku nikiogopa kwamba hutaandika, na hata hivyo sikukujibu. Ukiniona mkatili, una haki.

Julai 2011 ulikuwa kazini Kigoma. Jesca alijifungua kabla ya miezi kutimia, nyumbani kwangu, mikononi mwa Bibi Mwanabaraka. Ulipopiga simu nikakuambia amepumzishwa. Ukaniuliza kama Jesca anakula. Hukuuliza mahali. Hukuuliza hata kama alikuwa wa kike au wa kiume. Alikuwa wa kike. Nilimbeba mimi, kwa kanga ya mama. Kigingi chako cha saba kilikuwa umbali wa hatua mbili kutoka kwake.

Miaka yote mliyokaa Mabibo, Jesca alikuaga Jumamosi moja ya kila mwezi kwamba anakwenda Kunduchi kununua samaki. Alikuja hapa, akachukua ufagio nyuma ya mlango wangu, akafagia zamu yake. Wakati mwingine alichelewa, soko likawa limefungwa, akarudi kwako na kikapu kitupu.

Hukumuuliza.

Ufagio bado upo nyuma ya mlango. Kombe la kwenu nimeliweka mimi kwa muda tu. Mwenye kuliweka ni mama yake. Njooni wote wawili. Na mkifika, mimi usiniulize ni wapi. Muulize mkeo.

Dada yako,
Yuliana